Nilivyomdanganya Daktari wa Usingizi

Ukiambiwa utapasuliwa kwa nusukaputi, kuna mtu atakuja kitandani kwako kukuuliza maswali. Huyo si yule wa kisu, ni wa usingizi. Wengi wetu humwona kama karani tu, tunamjibu harakaharaka ili aende zake. Mimi nilimdanganya. Koo langu liliteseka miezi minne na zaidi kwa neno moja nililolisema nikiwa nimelala chali, na naandika kwa sababu najua wapo wa kwetu huku Karatu, na wengine kule juu Ngorongoro, watakaoulizwa swali lilelile na watashikwa na aibu ileile.

Mimi ni Baba Neema. Nina shamba la mahindi na maharage upande wa Rhotia, ng'ombe wachache, na kwa miaka kumi na saba nilikuwa mzee wa kanisa. Kwetu ibada ikiisha watu hawaendi nyumbani moja kwa moja. Sadaka za mazao hunadiwa pale nje: mayai, kuku, mkungu wa ndizi, debe la maharage. Mnadi nilikuwa mimi. Sijisifu, uliza yeyote. Nilikuwa na uwezo wa kumfanya mtu anunue jogoo aliyemleta mwenyewe, na akaondoka anacheka. Na nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo, mke wangu Mama Neema si mwongeaji, kwa hiyo mimi niliongea sehemu yangu nikaongea na yake.

Tena nilikuwa navuta sigara. Hilo kanisani hawakulijua. Nilivutia nyuma ya zizi, nikimaliza natafuna karafuu, narudi ndani nimenyooka kama mtu aliyetoka kusali. Mzee wa kanisa kwetu havuti. Sijawahi kuiona sheria hiyo imeandikwa mahali, lakini wewe ijaribu uone.

Kile kiangazi kifupi kabla ya masika, watu wakiwa wanatifua mashamba, tumbo langu lilivimba. Siku mbili sikupata choo, hata upepo haukutoka. Tumbo likakaza mpaka mkanda ukashindwa kufunga. Jirani akanipakia kwenye gari lake, nikafikishwa hospitali nikiwa natapika. Daktari akanibonyeza mara tatu tu, akasema, "Mzee, utumbo umejisokota. Tunapasua leo, tena sasa hivi."

Mchungaji alikuwa amepata habari kabla hata sijafika. Akaja, akanishika mguu, akaomba. Alikuwa bado ameushika huo mguu pale alipoingia dada mmoja mwenye miwani, ndiye daktari wa usingizi.

"Baba, mara ya mwisho umekula lini? Una pumu? Una meno ya bandia?"

Nikajibu yote.

"Unavuta sigara, au tumbaku yoyote?"

Nikamtazama mchungaji. Masikini, alikuwa ananitazama kwa huruma tupu, hana hili wala lile.

"Hapana," nikasema.

"Hata zamani? Na hiki kikohozi?"

"Vumbi la shamba hilo, binti yangu."

Akaandika. Jamani! Kifo kimesimama mlangoni, na mimi naogopa macho ya mchungaji.

Nilipoamka, nilichokijua kwanza hakikuwa tumbo. Ni koo. Ilikuwa kama mtu amenisugua humo ndani kwa gunzi la mahindi. Puani nilikuwa na mpira mwembamba unaoshuka mpaka tumboni, nao ulikwangua kila nilipomeza mate. Nikataka kumwita mke wangu, aliyekuwa amesimama hapohapo. Mdomo ukafunguka, hewa ikatoka, jina halikutoka. Nikajaribu tena. Hakuna kitu. Kisha kikohozi kikanishika, na kukohoa na mshono mpya wa tumbo, ndugu yangu, simwombei hata adui. Mama Neema akanikandamizia mto tumboni kama alivyoelekezwa, huku ananitazama usoni, hajui mkono mwingine auweke wapi.

"Ni ule mpira wa kupumulia uliopitishwa kooni ukiwa usingizini, baba," muuguzi akasema. "Siku mbili tatu koo litatulia."

Jirani yangu wa kitanda cha pili, aliyepasuliwa siku moja na mimi, koo lake lilitulia kesho yake. Nilimwona anakunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari. Mimi siku ya nne nilikuwa bado nakohoa makohozi mazito, na kila nikikohoa napasuka upya. Wauguzi wakauliza, "Huyu baba mbona anakohoa hivi?" Nikayasikia, nikageukia ukutani.

Na ubavuni nilikuwa nimewekewa mfuko. Utumbo walioukata hawakuuunga siku hiyo, walitoa ncha yake nje ya ngozi, choo kikawa kinatokea hapo. Miezi michache, walisema, halafu utarudi tukuunge. Mara ya kwanza mfuko ule ulipojaa mbele za watu nililia, na kulia kwenyewe hakukuwa na sauti.

Kisha wakaja wageni. Hapa ndipo nilipojimaliza mwenyewe, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kwetu mgonjwa husalimiwa, na mgonjwa huitikia. Hakuna anayekuja kusema pole akaishia hapo. Anauliza umelalaje, tumbo je, watoto je, ng'ombe wamebaki na nani, mvua mnaionaje, na kila moja linataka jibu lake. Usipoitikia, mtu anaondoka anasema fulani hospitali imemtia kiburi. Mimi niliyezoea kusalimia soko zima ningenyamaza? Muuguzi alikuwa ameniambia nipumzishe sauti, nami nikaona nina akili kuliko yeye. Nikawa nanong'ona. Niliamini kunong'ona ndiko kupumzisha.

Siku ya tano akaja shemeji yangu kutoka Malambo. Amemwoa dada yangu, ni Mmasai, mtu wa heshima na wa maneno. Alisafiri siku mbili kuja kunitazama. Akaketi, akaweka fimbo yake sakafuni, akanipa habari kama desturi yao ilivyo, kuanzia alipotoka nyumbani: ng'ombe, malisho, nani amezaa, nani amekufa, gari liliharibikia wapi. Na habari za namna hiyo hazisikilizwi kimya. Kila akituliza pumzi unaitika "ee," ili ajue mko pamoja. Saa nzima nikaitika, kwa ule mnong'ono wa kukazana, koo linawaka moto. Alipoondoka alifurahi sana. Mimi jioni sikuweza kumeza hata maji.

"Baba, umekuwa unanong'ona siku zote hizi?" muuguzi akanifokea. "Kunong'ona kwa nguvu hivyo unajikwangua vilevile! Kwa nini mama hakuwajibia watu?"

Mama Neema akainamisha kichwa. Angewajibia vipi? Kwa miaka ishirini na sita sikumwachia hata salamu moja.

Masika ikanikuta nyumbani. Watu wanapanda, mimi nimekaa barazani na koti kubwa la kufichia mfuko. Wiki ya sita mpira ulikuwa umetoka kooni siku nyingi, lakini sauti ilikuwa mkwaruzo tu, inakuja inakatika. Jumapili nilikwenda kanisani nikakuta mnada ameushika mwalimu mmoja, mtu mpole, ananadi mayai kama anayeomba radhi. Nilitamani kusimama. Nilikaa. Na watu, sijui walikuwa na nini, nimepoteza sauti wao wananipigia kelele kana kwamba nimepoteza masikio. "BABA NEEMA! UNAENDELEAJE?" Ala! Nasikia, jamani. Nasikia hata mnachosema mkinipa mgongo.

Neema, binti yetu anayefanya kazi mapokezi kwenye lodge moja ya watalii hapa mjini, akanipeleka Arusha kwa daktari wa koo. Daktari akanitazama humo kooni kwa kamera ndogo.

"Mahali sauti inapotokea pamevimba, na pana kidonda," akasema. "Acha kunong'ona, kunywa maji, kaa mbali na moshi. Patapona, lakini polepole. Una upasuaji mwingine?"

Neema akamweleza habari za mfuko.

"Basi mpira utapita hapohapo tena. Hali ikiwa kama ya kwanza, siwezi kukuhakikishia sauti. Mwelezeni daktari wa usingizi kila kitu. Kila kitu, mzee."

Njia nzima ya kurudi nilikaa dirishani. Nikiunganishwa utumbo, huenda sauti ikaondoka moja kwa moja. Nikiilinda sauti, mfuko utabaki ubavuni mpaka nizikwe nao. Na kile "kila kitu" nilikijua mimi peke yangu, au hivyo ndivyo nilivyodhani.

Mkutano wa familia ukafanyika sebuleni kwangu, juu ya mwili wangu, bila mimi. Nilikuwepo, kwenye kiti changu. Kaka yangu mkubwa akasema nisipelekwe tena: "Mfuko anauficha na koti. Ububu atauficha na nini?" Neema akasema, "Baba mkubwa, hawezi kuinama shambani, halali usiku, anakula kwa woga. Ataishi hivyo mpaka lini?" Nikafungua mdomo. Wakanyamaza, wakanisubiri. Ule mkwaruzo ukatoka vipande viwili, nikameza mate nipate cha tatu, na kabla sijakipata kaka yangu alikuwa ameshaendelea. Wanaokupenda husubiri kwa kadiri fulani tu. Nikapiga kikombe mezani, chai ikamwagika. Mama Neema akaleta kitambaa akafuta meza, na mazungumzo yakaendelea. Mimi, niliyenyamazisha vikao vya kijiji! Nilijihisi kama mtoto mchanga aliyewekwa kwenye kona ya kiti asianguke.

Neema akashinda. Aprili tukarudi hospitali kuonana na daktari wa usingizi, yuleyule dada wa miwani, safari hii chumbani kwake. Mke wangu upande huu, binti upande ule. Akafungua faili.

"Baba, nakukumbuka. Tulipokuwa tunautoa mpira mara ile ulikohoa vibaya sana, ukatutisha. Kifua kizito hivyo, na hapa nimeandika huvuti."

Mchungaji hakuwepo. Lakini walikuwepo wawili ambao ni wagumu zaidi kuliko mchungaji. Jasho likanitoka, na mvua ilikuwa inanyesha nje.

"Navuta," nikasema. Lilitoka kama chura.

Neema akageuka kunitazama. "Baba?"

"Tangu lini?" daktari akauliza, bila kubadilisha uso.

"Kabla sijaoa."

"Ngapi kwa siku?"

"Nne."

"Nane," Mama Neema akasema.

Sote tukamwangalia. Alikuwa anatazama mikono yake mapajani.

"Nane, dada. Jumapili kumi, baada ya mnada. Mimi ndiye ninayefagia nyuma ya zizi."

Looh! Niliona aibu ambayo sijapata kuiona hata nilipooshwa na wauguzi. Anafagia vipande vyangu vya sigara miaka yote ile, na mimi natafuna karafuu.

"Na siku ile ulikuwa unajua alivyojibu?" daktari akamuuliza.

"Nilikuwa mlangoni. Nilisikia."

"Hukusema kitu."

"Kwetu anasema yeye."

Daktari hakutugombeza. Alituambia mambo, na nayaandika kama alivyoyasema kwa sababu ndiyo yaliyonisaidia. Sigara niache siku hiyohiyo, si wiki ya mwisho, maana kifua kinahitaji muda mrefu kutulia. Nikipata mafua au kikohozi kabla ya siku yangu, niseme, hata kama tumeshafika. Niwe mtu wa kunywa maji, na siku yenyewe ninywe maji matupu mpaka saa atakayoniambia, nisikaushe koo tangu jana yake kwa kujifanya shujaa. Yeye atachagua mpira mwembamba zaidi, na kile kifuko cha hewa kinachoushikilia kooni atakipima kisijae kupita kiasi. Nikiamka nisijaribu sauti kwa kupiga kelele, wala kunong'ona kwa nguvu. Niseme kidogo, taratibu. Na wageni wapate mtu wa kuwaitikia.

"Siwezi kukuahidi kitu, baba," akamaliza. "Koo linaweza kuuma hata hivyo. Lakini sasa najua naweka mpira kwenye koo la nani."

Kuacha sigara sitakusimulia sana, maana sikuonyesha ushujaa wowote. Nilikuwa mkali kwa kila kiumbe, na ukali usio na sauti unarudi kukuchoma mwenyewe. Nilipiga teke ndoo. Nililala chumba cha Neema cha zamani, mbali na jiko, kwa sababu moshi wa kuni nao ulinikohoza. Mara mbili nilikwenda nyuma ya zizi nikasimama pale bure. Mama Neema alinikuta mara ya pili, akanipa kikombe cha maji, akasubiri nikimalize.

Mchungaji nilimwambia mwenyewe. Nilimweleza hata lile la siku ya kwanza, kwamba nilidanganya kwa sababu yake. Nilitegemea hasira. Akatazama chini.

"Nilikuwa nimekushika mguu," akasema. "Ungeniambia toka nje, Baba Neema, ningetoka."

Baraza la wazee wa kanisa likanipumzisha, nami nikakubali.

Siku niliyopangiwa ilikuwa mwishoni mwa Mei. Siku tatu kabla yake ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, na pua yangu ikaanza kuvuja. Nikajiambia ni baridi tu. Tulifika hospitali asubuhi, nimejikaza nisipige chafya, na kabla sijakaa kwenye benchi Mama Neema alikuwa ameshafika dirishani: "Mgonjwa wangu ana mafua, na usiku amekohoa." Tukarudishwa nyumbani. Wiki tatu! Njiani sikumsemesha. Nilichukia sana, si yeye, nilichukia kuwa mzigo unaobebwa, unarudishwa, unabebwa tena. Sasa najua alinifanyia jambo ambalo mimi sikuwa na moyo wa kulifanya.

Juni tukarudi. Kwenye benchi tulikuwa sita, tumevaa mashuka ya kijani, tunatetemeka. Mama mmoja akaniuliza kama nusukaputi inauma. Nikamwambia, polepole, "Ukiulizwa swali, jibu kweli." Alinishangaa. Kisha nikaitwa. Dada wa miwani akaniuliza yote upya, tangu mwanzo, nami nikamjibu yote upya. "Sivuti. Wiki ya tisa." Akatikisa kichwa kukubali, akaniwekea barakoa usoni, na sikumbuki tena.

Niliamka na koo linauma. Nataka hili ulijue, usije ukadhani nakuuzia muujiza. Liliuma, ila ni maumivu ya mafua makali, yanayopita. Kikohozi kilikuja mara mbili tu, chepesi. Ubavuni nikapapasa, mfuko haupo, kuna bandeji tu.

Lakini sauti sikuijaribu. Wauguzi wakauliza, "Baba, unajisikiaje?" nikainua kidole gumba. Jioni nikainua kidole gumba. Daktari wa usingizi akaja kunitazama, akasema, "Waweza kuongea kidogo sasa." Nikatikisa kichwa kukataa. Niliogopa. Nikifungua mdomo ikatoka hewa tupu kama mara ile, basi ndiyo imekwisha, na nisipofungua, bado haijaisha. Nililala nimeufunga mdomo usiku kucha, nameza mate kwa hesabu.

Kesho yake watu wakaanza kuja, wengi, maana ilikuwa Jumapili. Mama Neema akawapokea mlangoni mmoja mmoja. Nilimsikia. "Amelala vizuri. Tumbo limeungwa. Ng'ombe wako kwa baba mkubwa. Ndiyo, tumeshukuru. Haongei kwa sasa, salamu nipeni mimi." Mtu akiondoka, mwingine. Shemeji wa Malambo hakuweza kuja, akapiga simu, na mke wangu akasimama dirishani akimwitikia "ee, ee" mpaka habari zote zikaisha. Sikuwahi kumsikia akiongea kiasi kile katika ndoa yetu yote. Nilikuwa nimelala pale, dripu mkono huu, mpira wa mkojo upande ule, mtu mzima asiyeweza hata kujigeuza, namsikiliza mke wangu kama mgeni ninayemfahamu siku hiyo.

Alasiri wageni wakaisha. Akaja akakaa kwenye stuli. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Nikakumbuka kwamba tangu nilipoingizwa chumba cha upasuaji sikumwona akiweka kitu mdomoni.

Nikafungua mdomo.

"Umekula?"

Ilitoka nzito, ya chini, na ina ufa katikati. Hii niliyonayo mpaka leo, ambayo haiwezi kunadi hata yai. Lakini ilitoka.

Mama Neema akanitazama mdomo, si macho, kama mtu anayengoja kuona kama kitatoka kingine. Halafu akajibu.

"Sijala, Baba Neema. Tangu jana alfajiri."

Chupa ya uji ilikuwa juu ya kabati, hatua mbili kutoka kitandani. Sikuweza kuifikia. Sikuweza hata kujiinua kwa kiwiko. Nikamwambia, "Basi kunywa hapa, nikuone." Akamimina, akanywa, na machozi yakawa yanamdondokea humohumo kikombeni, naye hakuacha kunywa mpaka ukaisha.